Maumivu ya shingo kwa waendesha baiskeli: Chanzo chake na namna ya kurekebisha chombo

KYELA, wilaya ya Mkoa wa Mbeya iliyo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa sehemu za nchi ambako baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha starehe. Ardhi yake ya tambarare, tofauti na milima ya Rungwe iliyo jirani, humwezesha mtu kusafiri mwendo mrefu bila kushuka. Kuanzia kata ya Talatala hadi Ipinda, Mwaya na Matema, baiskeli hubeba mpunga, kakao, ndizi, ndoo za maji na abiria. Pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya biashara ya abiria, lakini kwa kaya nyingi baiskeli bado ndiyo usafiri wa uhakika.

Pamoja na manufaa hayo, wapo wanaomaliza safari wakiwa na shingo iliyokakamaa, mabega mazito na kichwa kinachouma kwa nyuma. Wengi hulichukulia jambo hilo kuwa ni uchovu wa kawaida. Hata hivyo, mwendesha baiskeli asiyeweza kugeuza shingo hawezi kutazama gari linalomjia kwa nyuma, na hapo maumivu madogo huweza kuzaa ajali kubwa.

Kwa nini shingo huuma

Shingo ya binadamu ina pingili 7, nazo hubeba kichwa ambacho kwa mtu mzima huwa na uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5. Mtu akisimama wima, uzito huo hukaa juu ya mifupa. Akiinama mbele kuufuata usukani, hulazimika kuinua uso ili aione njia, na kazi ya kukishikilia kichwa huangukia misuli ya nyuma ya shingo na ya mabega. Misuli hiyo ikikazwa kwa saa nzima bila kupumzika, huchoka na kuanza kuuma.

Mfano wa kupindukia ulionekana Marekani mwaka 1983, katika mashindano ya Race Across America ya kuvuka nchi hiyo kwa baiskeli. Mshiriki mmoja, Michael Shermer, alichoka misuli ya shingo kiasi cha kushindwa kuinua kichwa chake. Hadi leo waendesha baiskeli wa masafa marefu huiita hali hiyo kwa jina lake. Mkulima anayepeleka gunia la mpunga mashineni hafiki huko, lakini misuli inayomuuma ni ile ile.

Chombo kisicholingana na mwili

Baiskeli nyingi za kazi ni zile nyeusi zenye magurudumu ya inchi 28 na breki za vyuma, kama vile Phoenix kutoka China. Fremu yake ni kubwa, na mara nyingi chombo kimoja hutumiwa na baba, mama na vijana wa nyumba hiyo. Anayefaidi ni yule tu ambaye kimo chake kinalingana nacho. Mtu mfupi hunyoosha mikono mno kuufikia usukani, hukaza viwiko, na kila shimo la barabarani hupanda moja kwa moja hadi shingoni.

Marekebisho yanayofaa hayahitaji mitambo. Spana, fundi makini na dakika chache hutosha, ilimradi utaratibu ufuatwe.

Kwanza ni urefu wa kiti. Mwendeshaji hukaa, huku mwenzake akiishikilia baiskeli, kisha huweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Akiendesha kwa kukanyaga na sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Kiti kilichoinuliwa mno huyumbisha nyonga na kutupa uzito mikononi. Kilichoshushwa mno huumiza magoti.

Pili ni mlalo wa kiti. Kiti kilichoinama mbele humtelezesha mwendeshaji, naye hujizuia kwa mikono siku nzima. Ni vema kilale sawa na ardhi.

Tatu ni usukani. Kwa safari za kawaida, unapaswa kuwa sawa na kiti au juu yake kidogo, na uwe karibu kiasi cha viwiko kubaki vimelegea. Ukiwa mbali, kiti husogezwa mbele kidogo. Katika baiskeli za breki za vyuma, fundi akiinua usukani hana budi kurekebisha pia vyuma vya breki, la sivyo breki hazitashika. Aidha, chuma cha usukani na cha kiti visivutwe kupita alama iliyochorwa, kwani vinaweza kung'oka safarini.

Mabadiliko yafanywe kidogo kidogo, sentimita 1 au pungufu, kisha yajaribiwe kwa siku kadhaa kabla ya kuongeza.

Mazoea ya safarini

Tairi lililojazwa upepo kupita kiasi huongeza mtikisiko. Kofia yenye ukingo ulioshuka machoni humlazimisha mvaaji kuinua kichwa zaidi. Mzigo wa keria ufungwe katikati, kwani ukielemea upande mmoja, mikono na shingo hupambana nao njia nzima. Kila baada ya muda, mwendeshaji ashushe mabega, abadilishe mshiko na, akisimama, ageuze uso taratibu kulia na kushoto.

Lini kumwona daktari

Maumivu mengi ya namna hii hupungua ndani ya siku chache au wiki chache, mtu akipunguza safari, akikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu na kuendelea kuijongeza shingo taratibu. Kugeuzwa shingo kwa nguvu na kinyozi au rafiki ni hatari na kuepukwe.

Zipo dalili zisizopaswa kusubiri: maumivu yanayoteremka mkononi, ganzi au udhaifu wa mikono au miguu, kushindwa kuzuia haja, na maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kikali huweza kuwa homa ya uti wa mgongo, wala si suala la baiskeli. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitali mara moja.

Kwa wengine wote, tiba ya kudumu huanzia kwa fundi. Dawa ya maumivu hutuliza kwa saa chache tu, na kesho yake kiti kisichofaa humrudisha mgonjwa pale pale.