Uigizaji wa jukwaani, nadharia za

Maelezo ya namna mwigizaji anavyotumia mwili, sauti na kimya kuifanya hadhira iamini, ielewe au ihoji jambo. Mrusi Konstantin Stanislavski (1863–1938) alimtaka mwigizaji atafute ukweli wa ndani wa mhusika. Mjerumani Bertolt Brecht (1898–1956) alimtaka amwonyeshe mhusika bila kuzama ndani yake, ili mtazamaji abaki akifikiri.

Nchini Tanzania mvutano huo unaonekana vizuri katika tamthilia ya *Kinjeketile* (1969) ya Ebrahim Hussein, aliyesomea pia Berlin Mashariki. Mwigizaji wa mhusika mkuu, Kinjeketile, lazima apagawe mbele ya watu na kunena maneno ya pepo Hongo, kisha awe mtu timamu anayeyatilia shaka maneno hayohayo. Maana huzaliwa katika badiliko hilo la pumzi na mkao. Anayelipitia haraka huupoteza mchezo mzima.

Wanatamthilia wa Tanzania Penina Muhando na Amandina Lihamba walikwenda mbali zaidi kupitia sanaa za maonyesho kwa maendeleo: wanakijiji huchambua tatizo lao, hulitungia mchezo, huuigiza na kuujadili.

Ngoma za jadi nazo ni shule ya uigizaji, na Dodoma ina hazina yake. Katika ngoma ya muheme ya Wagogo, wanawake hupiga ngoma huku wakiimba na kucheza, na mwili hubeba habari pamoja na sauti. Mafunzo ya uigizaji yanayoipuuza hazina hii humnyima mwanafunzi mwalimu wa karibu. Hukwe Zawose (alifariki 2003), Mgogo, aliifundisha sanaa ya kwao katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa 1981.