Pishi ya Zakatul-Fitri ni Kilo Ngapi?

Kila Idi inapokaribia huulizwa swali hili, na muulizaji hutaka tarakimu moja tu. Huku huambiwa kilo 2 na ushei, kule kilo 3, akadhani masheikh wamegongana.

Asili ya tofauti ni kwamba pishi, yaani saa' kwa Kiarabu, ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Ni vibaba vinne, na kibaba ni mjao wa viganja viwili vya mtu wa wastani. Mtume (S.A.W.) alifaradhisha pishi ya tende au pishi ya shayiri, kama alivyopokea Ibn Umar (R.A.). Chombo ni kimoja, lakini chakula kizito kikijazwa humo mizani hupanda, na chepesi hushuka. Imamu an-Nawawi alilitanabahisha jambo hili zamani: kuikadiria pishi kwa ratili kuna utata, kwa kuwa uzito hutofautiana baina ya nafaka na nafaka. La kutegemewa ni kipimo chenyewe, na asiyekuwa nacho atoe kiasi ambacho ana yakini hakikupungua.

Basi anayetaka kilo azidishe ujazo wa pishi kwa uzito wa lita moja ya chakula chake. Tukiikadiria pishi kwa lita 2.75, na lita ya mchele mkavu ikiwa takriban gramu 800, tunapata kilo 2.2. Unga wa ngano hauzidi sana gramu 550 kwa lita, hivyo pishi yake ni kama kilo 1.5. (Unga tumeutaja kwa hesabu tu, katika madhehebu yetu ya Shafii hautoshelezi, hutolewa nafaka nzima.)

Hapa ndipo watu wanapoteleza. Gramu 2,040 alizozitaja Sheikh Ibn Uthaymin ni za ngano nzuri. Anayezihamishia kwenye mchele huenda akapunguza haki ya maskini bila ya kujua.

Njia nyepesi ya nyumbani: weka chombo juu ya mizani, tia maji kilo 2 na gramu 750, kisha weka alama yalipofika. Lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo ndipo penye pishi. Kikaushe, kijaze mchele uliopetwa mpaka alama, usawa wa mfuto, bila ya kuushindilia, kisha upime. Hiyo ndiyo kilo ya mchele wako. Ukiongeza konzi moja kwa tahadhari ni bora, na anayetoa kilo 3 amevuka shaka yote.

Wallahu a'lam.