Stoo za Juu: Kwa Nini Idadi ya Ghorofa Haitoshi Kuipima Kariakoo

Jengo lililoporomoka Kariakoo, jijini Dar es Salaam, asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024, penye makutano ya mitaa ya Mchikichi na Kongo, lilikuwa na ghorofa 4 tu. Upande wa bandari, mwendo mfupi kwa bodaboda, mnara wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania umesimama kwa takribani mita 157, na minara pacha iliyojengwa na uliokuwa mfuko wa pensheni wa PSPF inaukaribia kwa mita 153. Lililoua ni lile fupi, na waliokufa walizidi 25. Hata hivyo, maafa ya namna hii yanapotokea, swali la kwanza barazani, magazetini na hata kwenye semina zetu za vyuo ni lilelile: lilikuwa na ghorofa ngapi, na kibali kiliruhusu ngapi? Makala haya yanadai kwamba kwa Kariakoo swali hilo linapita pembeni ya tatizo. La kuuliza ni kila sakafu inabeba nini.

Historia haina ubishi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Mitaa iliyonyooka ya Kariakoo ilipimwa na Wajerumani kwa ajili ya wakazi Waafrika, na jina lilibaki baada ya kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, kupiga kambi hapo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Viwanja vilikatwa vidogo, saizi ya nyumba ya Kiswahili: vyumba 6, ukumbi katikati, ua nyuma. Mipango ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliporuhusu eneo hilo lijengwe kwenda juu, mipaka ya viwanja mingi haikuguswa. Mwenye kiwanja akawa na ardhi bila mtaji, mfanyabiashara akawa na mtaji bila ardhi, nao wakaingia ubia. Mwekezaji hujenga, hukusanya kodi kwa miaka waliyokubaliana, kisha jengo hurudi kwa mwenye ardhi au warithi wake. Anayejua kwamba miaka yake inahesabika atataka kila mita ya jengo imrudishie fedha mapema. Sidhani kama hilo lahitaji kuelezwa kwa neno tamaa.

Ubishi uko kwenye nadharia. Mchumi wa miji Edward Glaeser, katika kitabu chake cha 2011, anatetea miji iachwe ipande juu ili nafasi iongezeke na kodi ishuke. Wapo wapangamiji wetu waliomeza hoja hiyo bila kutafuna. Glaeser anaihesabu ghorofa kama nafasi ya kuishi au ya ofisi, inayofanana kutoka chini hadi juu. Kariakoo haiko hivyo. Upande wa pili yuko mtafiti wa miji Stephen Graham (2016), anayeona urefu kama ngazi ya kitabaka: matajiri wanapanda, maskini wanabaki vumbini. Hii nayo haifai hapa. Kariakoo mwenye fedha anagombea fremu ya chini, inayotazama barabara, na ndiyo anayoilipia kilemba kabla hata ya kodi. Wanaopanda juu ni maboksi. Hata minara ya bandarini haimtii Graham sawasawa, kwa kuwa mingi ya mirefu kabisa ilijengwa kwa fedha za mashirika ya umma na michango ya wafanyakazi, kisha mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia Dodoma na kuondoa sehemu ya wapangaji wake wa asili. Minara hiyo inastahili makala yake.

Ushahidi ninaoutegemea haukutoka kwa wahandisi. Ulitoka kwenye mgomo. Tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Walilalamikia kikosi kazi cha Mamlaka ya Mapato (TRA), na walilalamikia pia utaratibu mpya wa kuwataka wasajili stoo zao. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliwasikiliza hadharani katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Wachambuzi wengi waliusoma mgomo ule kama habari ya kodi, na kwa kiasi kikubwa ilikuwa hivyo. Lakini jiulize kwa nini stoo iwe na uzito wa kufunga soko ambalo wanunuzi wake hutoka Zambia, Malawi, Kongo na Visiwa vya Komoro. Jibu liko juu ya vichwa vya wateja. Fremu ya chini ni ndogo, mara nyingi ni sampuli tu za bidhaa zinazoning'inia. Mali yenyewe iko ghorofa ya tatu, ya tano, ya saba: marobota ya vitenge, katoni za vyombo, maboksi ya vigae, viatu kwa magunia. Muuzaji akipiga simu, kijana anateremka na mzigo begani. TRA ilikuwa imeelewa kitu ambacho ofisi za vibali vya ujenzi hazijakiweka kwenye fomu zao: ghorofa za Kariakoo, kwa sehemu kubwa, ni maghala yaliyobebana.

Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Wahandisi wetu kwa miaka mingi wamesanifu kwa kufuata viwango vya Uingereza. Katika viwango hivyo, sakafu ya makazi husanifiwa kubeba takribani kilo 150 kwa kila mita ya mraba, na sakafu ya ghala takribani kilo 240 kwa mita ya mraba kwa kila mita moja ya kimo cha mrundikano. Stoo iliyojazwa mpaka mita 3 kwenda juu inadai basi kilo 720, karibu mara 5 ya sakafu ya kulala. Jengo likiombewa kibali kama makazi na biashara, kisha ghorofa zake za juu zikageuzwa stoo, linaweza kuwa na idadi halali kabisa ya ghorofa na bado likabeba mzigo wa jengo jingine. Mkaguzi anayesimama barabarani na kuhesabu madirisha ataondoka ameridhika.

Kuchimba chini kunaongozwa na uchumi uleule. Baada ya maafa ya Novemba 2024 mazungumzo mengi yalihusu uchimbaji wa maduka chini ya ardhi, na Waziri Mkuu aliunda kamati ya watu 19 kukagua majengo ya eneo hilo. Andagraundi inatamanika kwa sababu ngazi zake ni chache na mteja hateremki mbali. Ila kufukua chini ya nguzo zilizokwisha kubeba jengo, katika udongo wa mchanga wa pwani, ni kazi ya kihandisi ya daraja la juu. Na haiongezi ghorofa hata moja kwa anayehesabu kutoka nje.

Nitapingwa kwa mfano wa Kisutu. Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa kwa ubia wa mkandarasi binafsi na Shirika la Nyumba la Taifa liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa limefika ghorofa 16, na taarifa za wakati ule zilieleza kwamba kibali kiliruhusu chache kuliko hizo. Humo hamkuwa na stoo wala marobota. Nakubali kwamba ghorofa za ziada zinaua. Ninachokataa ni fundisho lililotolewa, kwamba tukaze hesabu ya ghorofa. Jengo lile lilipanda hadi 16 katikati ya jiji, mahali ambapo kila mpita njia angeweza kuhesabu. Kama ukaguzi ulio rahisi kuliko wote ulishindikana mchana kweupe, kuuongezea makali hakutaifikia stoo iliyofungwa kwa kufuli ghorofa ya 6.

Mfano wa kufikiri tofauti tunao hapohapo. Soko kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kukamilika katikati ya miaka ya 1970, lilipanga uzito tangu mwanzo: mizigo mikubwa iliteremka shimoni, karibu na ardhi inayoibeba, na juu yake zikakaa meza za rejareja chini ya miavuli ya zege iliyogeuzwa. Lilipoungua tarehe 10 Julai 2021, moto ulitukumbusha kwamba bidhaa zilizorundikwa ni kuni pia, jambo ambalo Zimamoto wangeweza kuliandikia makala makali kuliko haya.

Napendekeza kibali kitaje matumizi na uzito wa kila sakafu, na kibao cha kilo zinazoruhusiwa kibandikwe kwenye kila ngazi, kama lifti zinavyobandikwa. Daftari la stoo likae kwa mhandisi wa Jiji, na sheria iizuie TRA kulisoma, kwa sababu mgomo wa 2023 ulionyesha kwamba mfanyabiashara akidhani daftari ni la kodi hatataja stoo yake. Kigumu zaidi ni fidia: mwekezaji aliyebakiza miaka 4 kwenye mkataba, anapoambiwa ghorofa zake 3 za juu hazifai kuwa stoo, atadai hasara hiyo kwa mwenye kiwanja, kwa aliyesaini michoro, au kwa ofisi iliyotoa kibali?