Kadama, Hadimu, Mfanyakazi

Hapa Kibuli Kiarabu si lugha ngeni. Kimesomwa miaka mingi kuuzunguka msikiti uliojengwa juu ya kilima alichokitoa Mwanamfalme Badru Kakungulu. Lakini neno la Kiarabu linalosikika zaidi mitaani siku hizi halikutoka madrasani. Ni kadama, kutokana na khaddama, yaani mtumishi wa kike, nalo lilirudi na wasichana waliokwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, Oman na nchi jirani.

Mzizi huohuo Kiswahili kilikwisha kuuchukua zamani: huduma, mhudumu, na hadimu, mtumishi au mtumwa, ambalo liliwapa Wahadimu wa Unguja jina lao. Luganda nacho kilikuwa na kyeyo, ufagio, kwa vibarua vya London na Marekani. Kyeyo hutaja kazi. Kadama humtaja mtu. Kwetu tofauti hiyo ni kubwa, maana hata katika sheria jina huamua haki. Sheria ya Kazi ya Saudi Arabia ya 2005 iliwaacha nje watumishi wa nyumbani. Mwaka 2013 wakapewa kanuni zao mbali, zenye saa 9 za mapumziko kwa siku.

Uganda ilitia saini mapatano na nchi hiyo Julai 2015. Hata mwaka haukupita: Januari 2016, kwa malalamiko ya mateso, serikali ilipiga marufuku kupeleka watumishi huko, kisha ikaiondoa 2017. Marufuku ilikuwa silaha butu. Aliyeazimia kwenda alipitia Kenya kwa njia za panya, na ubalozi haukuwa na jina lake.

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva tarehe 16 Juni 2011, unamwita mfanyakazi. Kifungu cha 9 kinampa haki ya kushika pasipoti yake mwenyewe. Haumfungi asiyeuridhia, ni kweli. Ila kifungu cha 7 kinatuhusu sisi walimu wa lugha: masharti ya kazi yaelezwe kwa namna inayoeleweka kwa urahisi. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022. Kuandaa mkataba wa kazi za ndani kwa Kiswahili chepesi, na Luganda pembeni, ni zoezi la tafsiri ambalo darasa la mwaka wa tatu linaweza kulimaliza katika muhula mmoja.