Kisichobadilika

Upande wa Karatu wa lango la Loduare watu wanalima ngano, mahindi na maharage. Ukishavuka lango, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kulima ni kosa. Wachumi wanaotaka kupima maisha ya kaya za pande hizi hupenda modeli ya athari thabiti. Haiishii kulinganisha kaya na jirani yake, bali huilinganisha na yenyewe ya miaka iliyopita. Kisichobadilika, kama udongo au ukoo, hujifuta chenyewe. Yanabaki mabadiliko tu.

Katika programu kama Stata au R, hiyo ni amri ya mstari mmoja. Ukipata data ya mwaka mpya unaiongeza, unakadiria upya, na jibu linatoka kabla chai haijapoa. Naipenda kazi hii. Ila historia ya huku hunilazimisha niulize kwanza: ni kipi hasa ambacho hakijabadilika?

Wilaya imebadilika. Karatu ilimegwa kutoka Mbulu miaka ya 1990. Mwaka 2002 Mbulu ikaingia mkoa mpya wa Manyara, Karatu ikabaki Arusha. Kwa hiyo Mbulu ya kwenye dodoso la zamani si Mbulu ya leo. Sheria nayo imebadilika: kilimo ndani ya hifadhi kilipigwa marufuku 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009.

Mfano mashuhuri wa njia hii nchini unatoka Kagera. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walitumia taarifa za watu waliohojiwa kuanzia 1991, wakatafutwa tena 2004 popote walipokwenda. Walilinganisha watu waliotoka kaya moja, aliyehama na aliyebaki. Kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi kwa pointi 36 za asilimia.

Tangu Juni 2022 familia za Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wapo wakazi wanaopinga. Mtu anaweza kushawishika kuichukua namba ya Kagera na kuibandika hapa. Lakini kule ndugu mmoja aliondoka, mwingine akabaki, na nyumbani pakaendelea kuwapo. Huku inaondoka kaya nzima pamoja na ng'ombe wake, na aliyeachwa nyuma huenda hata si ndugu yake. Tena mahali penyewe, ambapo modeli hupafuta kwa kuwa hapabadiliki, ndipo panapogombewa.

Modeli ya namna hiyo haitoshi kuongezewa mistari ya data. Inahitaji swali jipya, na swali hilo wanalijua zaidi waliohama na waliobaki.