Steve Tikolo: mupigaji wa kriketi aliyefikisha Kenya ku nusu fainali ya dunia

Kwetu watu wengi wanajua kabumbu kuliko kriketi. Lakini kwa majirani zetu wa Uganda na Kenya, kriketi inachezwa tangu zamani za Waingereza, na familia zenye asili ya Uhindi zilisaidia sana kuieneza. Muchezaji mwenye jina kubwa kuliko wote katika ile inchi ya Kenya ni Steve Tikolo.

Kriketi inachezwa namna gani?

Ekipe mbili, kila moja na watu 11. Mutu mumoja anarusha mupira mudogo na mugumu, mwengine anaupiga na kibao. Huyu wa kibao ndiye mupigaji. Nyuma yake kuna vijiti vitatu vimesimamishwa. Mupira ukigonga vijiti, ao mupinzani akiudaka mbele haujagusa chini, mupigaji anatoka. Akiisha kupiga, anakimbia upande wa pili na kuhesabiwa pointi, zinaitwa mbio. Kufikisha mbio 100 peke yako ni heshima kubwa.

Mwanzo wa kazi

Tikolo alizaliwa Nairobi tarehe 25 mwezi wa 6, 1971. Kaka zake wawili, Tom na David, walichezea Kenya pia. Katika muchezo wake wa kwanza wa Kombe la Dunia, mwaka 1996 kule Uhindi, alipata mbio 65. Siku chache nyuma, Kenya ilishangaza dunia: ilipiga West Indies, ekipe ya visiwa vya Karibea iliyokuwa imekwisha kushinda Kombe la Dunia mara mbili. Kenya ilikuwa na mbio 166, West Indies wakatoka wote na 93. Kisha, mbele ya Sri Lanka, Tikolo alifika 96. Zilibakia nne tu afikishe 100.

Mwaka 1997, katika fainali ya inchi ndogo za kriketi kule Kuala Lumpur, alipiga mbio 147 peke yake. Mvua ikanyesha, hesabu ikapunguzwa, na Bangladesh ikashinda ku mupira wa mwisho kabisa. Miaka mitatu baadaye, Bangladesh ikapewa ruhusa ya kucheza Test, ile michezo ya siku 5 ya inchi kubwa. Kenya iliomba pia, haikupewa hata siku moja. Ndiyo maana Tikolo, ambaye wengi walimuhesabu kuwa mupigaji bora nje ya inchi za Test, alimaliza kazi yake bila kucheza Test hata moja.

Mwaka 2003

Kombe la Dunia la 2003 lilichezwa Afrika ya Kusini, Zimbabwe na Kenya. Tikolo alikuwa kapiteni. New Zealand ilikataa kufika Nairobi juu ya usalama, basi Kenya ikapewa pointi za bure. Wengine wakasema ni bahati tu. Lakini tarehe 24 mwezi wa 2, pale Nairobi, Kenya ikapiga Sri Lanka uwanjani: 210 kwa 157. Ikapiga tena Canada, Bangladesh na Zimbabwe, ikafika nusu fainali. Hakuna inchi ingine isiyocheza Test iliyowahi kufika pale. Uhindi ndiyo ilisimamisha safari kule Durban. Hata ile siku, kapiteni alipata mbio 56, wenzake wakiendelea kutoka mumoja mumoja.

Kisha nini kiliharibika?

Hapa ndipo habari inageuka. Badala ya kujenga juu ya ule ushindi, wachezaji na viongozi wa shirikisho waligombana juu ya feza, wachezaji wakagoma. Mwaka 2004 Maurice Odumbe, kapiteni wa zamani, alifungiwa miaka 5 juu ya uhusiano wake na watu wa kamari. Mwaka 2005 shirikisho la zamani likaondoka, likaingia lingine, Cricket Kenya. Ile miaka ekipe ilicheza kidogo sana mbele ya inchi kubwa, na vijana wa kurizi wakubwa hawakutayarishwa ya kutosha.

Tikolo akaendelea kubeba mzigo. Alikuwa kapiteni tena mwaka 2007, akaaga ku Kombe la Dunia la 2011, la tano kwake. Mwaka 2013, akiwa na miaka 42, wakamwita tena kucheza. Mutu wa umri ule kurudishwa uwanjani kunaonyesha namna nafasi yake ilibakia wazi. Mwaka 2014 Kenya ikapoteza haki yake katika michezo rasmi ya siku moja.

Baada ya kucheza, Tikolo alifundisha ekipe ya taifa ya Uganda kwa miaka kadhaa. Mwaka 2024, chini ya kocha mwengine, Uganda iliingia Kombe la Dunia la michezo mifupi kwa mara ya kwanza, na kupiga Papua New Guinea. Kenya haikuwemo.

Kwa kifupi
- Jina: Stephen Ogonji Tikolo
- Kombe la Dunia: 1996, 1999, 2003, 2007 na 2011
- Michezo rasmi ya siku moja: zaidi ya 130
- Mbio: zaidi ya 3,400, mara tatu alifikisha 100
- Kama murushaji: alitoa wapigaji zaidi ya 90
- Test: hakuna