Waliotangulia Kufika: Timu ya Taifa ya Wanawake ya Iceland

Oktoba 2008 ulikuwa mwezi mchungu kwa Iceland. Ndani ya siku chache benki zake tatu kubwa, Landsbanki, Glitnir na Kaupthing, zilianguka moja baada ya nyingine, na nchi iliyojihesabu miongoni mwa tajiri ikaanza kutafuta mikopo ya kujiokoa. Tarehe 30 ya mwezi huohuo, katika uwanja wa Laugardalsvöllur jijini Reykjavík, timu ya taifa ya wanawake iliingia kucheza marudiano ya mchujo na Jamhuri ya Ireland. Mechi ya kwanza, kule Dublin, ilikwisha kwa sare ya 1–1. Baridi ilikuwa imezigandisha nyasi, ardhi ikawa ngumu na yenye utelezi. Iceland ilishinda 3–0 na kukata tiketi ya Mashindano ya Ulaya ya 2009 nchini Finland.

Kabla ya usiku huo, hakuna timu ya wakubwa ya Iceland, ya wanaume wala ya wanawake, iliyokuwa imefika fainali za mashindano makubwa ya soka.

Mashabiki wengi wa Afrika Mashariki waliijua Iceland mwaka 2016, wanaume wake walipoitoa Uingereza kwa 2–1 katika Mashindano ya Ulaya huko Ufaransa, kisha wakaenda Kombe la Dunia la 2018 nchini Urusi. Sifa hizo walizistahili. Lakini njia ya kwenda fainali ilikuwa imeshafunguliwa na wanawake miaka saba kabla, na wao hawajaacha kuipita: 2009, 2013, 2017, 2022 na 2025. Mashindano matano ya Ulaya mfululizo, kwa taifa la watu wapatao 380,000, ambao hawazidi sana moja ya tano ya wakazi wa Zanzibar. Historia ya timu hii inaonyesha kwamba udogo wa nchi haukuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kikwazo kilikuwa kuamua kwamba msichana naye anastahili uwanja, kocha na malipo, na kila mara uamuzi huo ulipofanywa, matokeo yalionekana.

Ligi ya kwanza ya wanawake ilichezwa mwaka 1972, na bingwa akawa FH, klabu ya mji wa Hafnarfjörður. Miaka hiyo wanawake wa Iceland walikuwa wakidai mengi zaidi ya mpira. Tarehe 24 Oktoba 1975, kiasi cha asilimia 90 kati yao waligoma kufanya kazi, za ofisini, za viwandani na za nyumbani, na shughuli za nchi nzima zikasimama. Mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir alichaguliwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa na wananchi kushika wadhifa huo. Mwaka uliofuata, tarehe 20 Septemba 1981, timu ya taifa ya wanawake ilicheza mechi yake ya kwanza huko Kilmarnock, Scotland. Ilifungwa 3–2.

Mwanzo huo haukupata uangalizi. Baada ya 1987 timu ilipotea uwanjani kwa miaka kadhaa, na ilirejea mwaka 1992 katika mechi za kufuzu zilizoikutanisha na Uingereza na Scotland. Kurejea kwake kulizaa matunda haraka. Mwaka 1994 ilifika robo fainali ya Mashindano ya Ulaya, hatua iliyochezwa nyumbani na ugenini kabla ya fainali za 1995, ikatolewa na Uingereza kwa 2–1 nyumbani na 2–1 ugenini. Miaka kumi baadaye ilifika tena kwenye mchujo, safari hiyo ikazuiwa na Norway. Kwa hiyo ushindi wa 2008 ulikuwa umetafutwa kwa muda mrefu na wachezaji ambao wengi wao hawakubahatika kuuona wakiwa uwanjani.

Nchi iliyo karibu na ncha ya kaskazini ya dunia ina adui ambaye timu za nchi za joto hazimjui. Mwezi Desemba, Reykjavík hupata mwanga wa jua kwa takriban saa nne tu kwa siku. Viwanja hufunikwa na theluji, na zamani mchezaji alipoteza karibu nusu ya mwaka bila mazoezi ya maana. Mwaka 2000 ukumbi wa kwanza wa ndani wenye uwanja wa ukubwa kamili, Reykjaneshöll, ulifunguliwa huko Keflavík, kisha miji mingine ikafuata. Shule zikajengewa viwanja vidogo vya nyasi bandia. Klabu zikaajiri makocha wenye leseni za UEFA hata kwa watoto wadogo, jambo ambalo katika nchi nyingi husubiri mpaka mtoto aonyeshe kipaji. Wasichana walipewa nafasi katika kumbi hizo pamoja na wavulana.

Msingi mwingine uko katika mashindano ya watoto. Huko Kópavogur, mji unaopakana na Reykjavík, klabu ya Breiðablik imekuwa ikiandaa mashindano ya wasichana kila kiangazi tangu 1985. Leo yanajulikana kama Símamótið, na hukusanya zaidi ya wasichana 2,000 wa shule za msingi kutoka kila pembe ya nchi. Familia husafiri nao, walimu na majirani huja kushangilia, na mtoto wa kijiji cha wavuvi hucheza na mtoto wa jiji. Nchi yenye watu wachache kiasi hicho haiwezi kumudu kumwacha msichana mwenye kipaji ajikatie tamaa nyumbani, na mashindano haya yamehakikisha kwamba wengi wao wanaonekana mapema.

Mmoja wa waliotoka mbali na jiji ni Margrét Lára Viðarsdóttir. (Iceland watu huitwa kwa jina la kwanza, hata rais, kwa kuwa jina la pili ni la kumtaja baba au mama tu.) Margrét Lára alizaliwa mwaka 1986 katika visiwa vya Vestmannaeyjar, ambako volkano ililipuka Januari 1973 na kuwalazimu wakazi karibu wote, watu wapatao 5,000, kukimbilia bara kwa boti za uvuvi. Wengi walirudi wakafukua nyumba zao kutoka kwenye majivu, na maisha yakaanza upya, klabu ya mpira ikiwemo. Margrét Lára alianzia huko, katika klabu ya ÍBV. Mwaka 2007 alitangazwa kuwa mwanamichezo bora wa mwaka wa Iceland, na katika kampeni ya kufuzu ya 2009 hakuna aliyemzidi kwa mabao barani Ulaya. Alistaafu akiwa amefunga mabao 79 katika mechi 124 za taifa, idadi ambayo hakuna mwananchi mwenzake, wa kiume au wa kike, aliyeifikia.

Nahodha wake Finland alikuwa Katrín Jónsdóttir, daktari wa binadamu aliyeyachukua masomo ya udaktari na soka kwa pamoja, na mwanamke wa kwanza wa nchi yake kufikisha mechi 100 za timu ya taifa. Huko Finland, chini ya kocha Sigurður Ragnar Eyjólfsson, walipangwa na Ufaransa, Norway na Ujerumani. Hólmfríður Magnúsdóttir aliwafungia bao la mapema dhidi ya Ufaransa, la kwanza la Iceland katika fainali yoyote, lakini mechi zote tatu waliondoka mikono mitupu. Miaka minne baadaye, nchini Sweden, hali ilibadilika. Walitoka sare ya 1–1 na Norway, wakafungwa na Ujerumani, kisha bao la Dagný Brynjarsdóttir likawapa ushindi wa 1–0 dhidi ya Uholanzi na nafasi ya robo fainali. Wenyeji Sweden waliwatoa kwa 4–0. Hadi leo hiyo ndiyo hatua ya juu waliyofika katika fainali hizo.

Kombe la Dunia ndilo limewanyima usingizi. Oktoba 2017, huko Wiesbaden, waliifunga Ujerumani, bingwa wa Olimpiki wa 2016, mabao 3–2 mbele ya mashabiki wake, Dagný akifunga mawili. Waliporudiana Reykjavík Septemba 2018, tiketi za Laugardalsvöllur zilikwisha zote. Wajerumani walishinda 2–0, na sare ya 1–1 na Jamhuri ya Czech siku tatu baadaye ikaifunga kabisa njia ya kwenda Ufaransa 2019.

Mara iliyofuata iliuma zaidi. Tarehe 6 Septemba 2022, mjini Utrecht, Iceland ilihitaji sare tu dhidi ya Uholanzi ili ifuzu moja kwa moja. Ilivumilia mashambulizi kwa dakika 90, kipa Sandra Sigurðardóttir akiokoa mpira baada ya mpira. Katika dakika ya tatu ya nyongeza, Esmee Brugts akafunga. Mwezi mmoja baadaye, katika mchujo nchini Ureno, walibaki kumi baada ya kadi nyekundu, wakasawazisha, kisha wakazidiwa katika dakika 30 za ziada na kufungwa 4–1. Mwaka huohuo walikuwa wametolewa katika Mashindano ya Ulaya nchini Uingereza bila kupoteza hata mechi moja: 1–1 na Ubelgiji, 1–1 na Italia, 1–1 na Ufaransa.

Kabla ya mashindano hayo, nahodha Sara Björk Gunnarsdóttir alisema wazi kwamba kupangiwa mechi za fainali za Ulaya katika uwanja wa akademia wa Manchester City, unaochukua watazamaji wasiofika 5,000, ni kuwadharau wanawake. Sara Björk hakuwa mgeni wa kudai haki. Agosti 2020 alifunga bao la tatu la Lyon katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Wolfsburg, klabu aliyokuwa ametoka wiki chache tu kabla. Mwaka uliofuata alipata ujauzito, akarudi Iceland kujifungua, na mishahara yake ikapungua mno kinyume cha alivyotarajia. Kwa msaada wa FIFPRO, chama cha wachezaji wa kulipwa, alilipeleka suala hilo katika mahakama ya FIFA, chini ya kanuni za uzazi zilizoanza kutumika Januari 2021. Lyon iliamriwa kumlipa zaidi ya euro 82,000. Alipoyaandika hayo hadharani Januari 2023, mchezaji yeyote mwenye mkataba alikuwa na mfano wa kushika mkononi. Mwezi huohuo alistaafu timu ya taifa akiwa na mechi 145.

Haki zilidaiwa pia ndani ya shirikisho la soka la Iceland lenyewe, KSÍ, ambalo lilisawazisha posho za ushindi kati ya wanaume na wanawake. Agosti 2021, rais wa KSÍ na bodi yake yote walijiuzulu baada ya kulaumiwa kwa namna walivyoshughulikia malalamiko ya wanawake dhidi ya wachezaji wa timu ya wanaume. Oktoba mwaka huo alichaguliwa Vanda Sigurgeirsdóttir, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake na kuwa kocha wake, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza shirikisho la nchi mwanachama wa UEFA.

Kizazi cha sasa kinaongozwa na Glódís Perla Viggósdóttir, beki wa kati aliyevaa utepe wa unahodha wa Bayern Munich na kutangazwa mwanamichezo bora wa Iceland wa 2024. Pembeni yake kuna Sveindís Jane Jónsdóttir wa Keflavík, ambaye mama yake anatoka Ghana, na ambaye mpira wake wa kurusha kwa mikono huruka hadi katikati ya eneo la hatari kama kona. Tarehe 12 Julai 2024 waliifunga Ujerumani 3–0 pale Laugardalsvöllur na kufuzu Mashindano ya Ulaya ya 2025, Sveindís akifunga la mwisho.

Nchini Uswisi mambo hayakwenda vizuri. Finland iliwafunga 1–0, wenyeji 2–0, na mechi ya mwisho na Norway ikaisha 4–3 dhidi yao. Kocha Þorsteinn Halldórsson na wachezaji wake walilaumiwa nyumbani kwa ukali ambao wanawake wa 1981 wasingeuwaza, maana wakati ule hakuna aliyewatarajia washinde. Sasa wananchi wanahoji upangaji wa timu, wanapinga mbinu za kocha, na wanataka kujua lini Kombe la Dunia litafikiwa.

Swali hilo la mwisho bado halijajibiwa. Wanaume wa Iceland wamewahi kucheza huko; wanawake, wenye fainali tano za Ulaya, bado hawajafika.